Sukari husomwa kwa jozi: mwongozo kamili wa kudhibiti kisukari kabla hakijafika machoni, kwenye figo na miguuni

Mama yangu aligundulika na kisukari cha aina ya pili akiwa na miaka 54. Kila mwezi alidamka alfajiri, akaenda kliniki na njaa yake, akatobolewa kidole, akatajiwa namba, akachukua vidonge na kurudi nyumbani. Namba zilipendeza: 6.8, 7.1, 6.5. Sote tuliridhika. Hatukujua kwamba siku tatu kabla ya kliniki alikuwa akijibana, hagusi wali wala chai ya sukari, na jioni ya siku hiyohiyo ya kliniki mambo yanarudi kama zamani. Baada ya miaka minne akaanza kusema vidole vya miguu vinamfa ganzi, na usiku nyayo zinamwaka moto. Ndipo alipofanyiwa kwa mara ya kwanza HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Kilisoma asilimia 10.4.

Tukanunua mashine ya kupimia na daftari la shule. Haya ninayoyaandika yametoka kwenye daftari hilo na kwenye yale ambayo utabibu umeshayathibitisha. Yanamhusu mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya pili, awe anatumia vidonge au insulini. Mjamzito na mtoto wana viwango vyao. Hao wafuate maelekezo ya kliniki yao.

Kwa nini uhangaike wakati hujisikii vibaya

Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, huharibu kuta za mishipa. Mishipa midogo ndiyo huanza: ile inayolisha pazia la nyuma la jicho, ile inayochuja damu ndani ya figo, na ile inayolisha neva za miguu. Mikubwa nayo hufuata, ya moyo, ya ubongo na ya miguu. Uharibifu huu hauumi. Mtu anaweza kuishi na sukari ya 12 au 13 miaka mingi akilima, akiuza duka, akicheza ngoma harusini, na siku anayokuja kuona giza kwenye jicho moja ndiyo siku ya kwanza anapojua.

Habari njema ni kwamba huhitaji ukamilifu ili ujikinge. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliofuatilia watu 5,102 waliokuwa wamegundulika karibuni ulitoa matokeo yake mwaka 1998. Kundi lililodhibitiwa zaidi lilikuwa na wastani wa HbA1c wa asilimia 7.0, kundi la kawaida 7.9. Tofauti haifiki hata pointi moja, lakini madhara ya mishipa midogo yalipungua kwa robo. Kwa hiyo mtu aliyetoka 10 akafika 9 tayari ameokoa kitu, hata kama safari bado ndefu.

Namba za kuzijua kwa moyo

Huku kwetu mashine nyingi husoma kwa mmol/L, ndizo namba za 5, 7, 12. Kama ndugu amekuletea mashine kutoka Marekani, itasoma kwa mg/dL: 90, 126, 216. Gawanya kwa 18 upate namba yetu. Nimeona mtu akipigwa na butwaa kwa kusoma 110, akidhani amekwisha, kumbe ni 6.1 tu.

Kwa watu wazima wengi, lengo kabla ya kula ni kati ya 4.4 na 7.2. Saa mbili tangu uanze kula, iwe chini ya 10. Chini ya 3.9 sukari imeshuka, na hapo unatakiwa kuchukua hatua palepale. HbA1c, kipimo cha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, iwe chini ya asilimia 7. Kwa mzee aliyedhoofu, au mtu ambaye sukari humshuka kwa hatari, madaktari huridhika na chini ya 8, kwa sababu kuanguka chooni usiku kwa sukari kushuka kunaweza kumdhuru upesi kuliko 7.8 yake.

HbA1c nayo ina mtego wake, na kwa watu wa Afrika Mashariki mtego huu si mdogo. Kipimo hicho husoma sukari iliyoshika kwenye chembe nyekundu za damu. Mwenye selimundu, mwenye upungufu wa damu, au aliyeongezewa damu karibuni anaweza kupata jibu lisilo la kweli. Ukiona mashine ya nyumbani inakupa 11 na 13 kila siku halafu HbA1c inarudi 6.2, mwambie daktari, na umkumbushe hali ya damu yako.

Kupima kwa jozi

Kosa letu lilikuwa kuamini namba moja ya asubuhi. Namba hiyo inakwambia sukari yako ilivyo ukiwa na njaa. Haikwambii uji ulikufanyia nini, wala chapati mbili za saa nne. Sukari husomwa kwa jozi: kabla ya tonge la kwanza, na saa mbili baada ya tonge hilo.

Kwanza osha mikono kwa sabuni na uikaushe. Si usafi tu: ukiwa umemenya chungwa au embe, maji yake yaliyobaki kidoleni yanatosha kuipandisha namba kwa uongo. Toboa pembeni mwa kidole, si katikati ya ncha, kwa sababu pembeni hakuumi sana. Ning'iniza mkono kidogo damu ishuke, usikibanebane kidole. Badilisha vidole. Stripu, vile vijikaratasi vinavyopokea damu, zikae kwenye kichupa chake, kifuniko kimebana, mbali na jua na jiko. Joto na unyevu wa Pwani huziharibu, na zikiharibika hazitoi harufu, zinatoa namba za uongo.

Sasa soma tofauti. Sukari ikipanda kwa 2 au 3 kutoka kabla hadi baada, chakula hicho mwili wako umekiweza. Ikipanda kwa 5 au zaidi, rudi uitazame sahani. Hapa ndipo mama alipofunguka macho. Ukurasa wa pili wa daftari lake: uji wa sembe bakuli moja na vijiko viwili vya sukari, kabla 7.4, baada 14.1. Siku nne baadaye: mihogo ya kuchemsha vipande viwili, yai moja, kachumbari, chai ya rangi bila sukari, kabla 7.2, baada 10.3. Hakuna mtu aliyemhubiria. Aliisoma mwenyewe, kwa sauti, akanyamaza, kisha akasema uji huo sasa tumpikie mgeni.

Stripu ni ghali, najua. Ndiyo maana nasema jozi. Ukipima asubuhi tu kila siku, unatumia stripu saba kwa wiki na kupata habari ileile mara saba. Pima jozi tatu kwa wiki: Jumatatu chai ya asubuhi, Jumatano chakula cha mchana, Jumamosi cha usiku. Ni stripu sita, na kopo la 50 linakufikisha wiki nane. Anayechoma insulini asibane namna hii. Huyo anahitaji kupima kila siku kama alivyoelekezwa, na dereva wa bodaboda au daladala anayetumia insulini au dawa ya kushusha apime kabla hajawasha chombo.

Daftari liwe na tarehe, saa, kabla, baada, ulichokula na kiasi chake, dawa, na neno moja kuhusu siku hiyo: homa, msiba, safari, ugomvi, usingizi mbaya. Vyote hivyo hupandisha sukari, na bila neno hilo utailaumu ndizi isiyo na kosa.

Wengi huuliza: nimelala na 7, sijala chochote, nimeamka na 9, imetoka wapi? Imetoka kwenye ini. Kukikaribia kupambazuka mwili hutoa homoni za kukuamsha, nazo huliambia ini litoe sukari yake ya akiba. Dawa yake si kuruka kifungua kinywa. Andika namba ya kulalia na ya kuamkia kwa siku kadhaa, uzipeleke kliniki. Huenda kinachotakiwa ni kubadilisha muda au kipimo cha dawa, na kazi hiyo ni ya daktari.

Sahani

Sitakupa orodha ya vyakula vilivyokatazwa. Orodha hizo ndizo zilizomfanya mama ajibane siku tatu na kulegea siku ishirini na saba. Chukua sahani ya kawaida, si sinia. Nusu yake iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, sukuma wiki, bamia, kabichi, bilinganya. Robo iwe cha kujenga mwili: samaki, dagaa, maharage, choroko, kuku, yai. Robo inayobaki ndiyo ya wanga, yaani ugali wa ukubwa wa ngumi yako, au wali usiozidi hapo. Kwenye meza zetu nyingi hesabu hii imegeuzwa, ugali ndio mlima na mboga ni ya kusindikiza tonge. Kuigeuza upya ndiyo kazi yenyewe, na inachukua wiki kadhaa tumbo kuzoea.

Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu pumba zake hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Lakini dona pia ni wanga. Mlima wa dona bado ni mlima. Uji hupandisha haraka kwa sababu unga umeshasagwa na kuiva kwenye maji, tumbo halina kazi ya kufanya. Maharage na kunde vina wanga pia, ila huingia polepole, kwa hiyo ukila wali na maharage punguza wali, si maharage. Nazi na mafuta havipandishi sukari upesi, vinanenepesha, na unene hufanya insulini, homoni inayotoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini, isisikilizwe. Kula mboga na samaki kwanza, wanga mwishoni: chakula kilekile, mpangilio umebadilika, na namba ya saa mbili huonyesha tofauti. Ijaribu kwa jozi.

Vinywaji ndivyo vinavyoangusha watu kimyakimya. Soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hadi 40 hivi, vijiko vya chai vinane au zaidi. Juisi ya miwa, juisi ya embe iliyosagwa nyumbani bila kuongezwa kitu, asali kwenye chai, vyote ni sukari. Kwamba ni vya asili hakubadilishi kitu kwenye damu. Tunda lile zima, moja la kutosha kiganja, usilikamue. Chai ya maziwa ya vijiko vitatu mara nne kwa siku ni vijiko 12. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi hautashtuka.

Miguu ikitembea, sukari hushuka

Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini haifanyi kazi vizuri. Dakika 10 hadi 15 za kutembea mara baada ya chakula cha usiku zina manufaa makubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu zinakutana na sukari wakati inapanda. Lengo la jumla ni dakika 150 kwa wiki. Asiyeweza kutembea kwa sababu ya magoti au kidonda anaweza kufanya mazoezi ya mikono akiwa amekaa kitini. Kama unatumia insulini au glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, beba kitu cha sukari mfukoni.

Dawa

Metformini, kidonge kingine cha kisukari, imezwe pamoja na chakula; tumbo kuvuruga wiki za mwanzo ni kawaida, na mara nyingi hupungua dozi ikianza chini na kupandishwa taratibu. Ukiitumia kwa miaka inaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao huleta ganzi miguuni. Mwenye ganzi aliyemeza metformini muda mrefu aulize kuhusu kupima B12, asikubali haraka kwamba ni kisukari tu.

Glibenklamidi ni ya bei nafuu na inashusha kweli, lakini hushusha hata kama hujala. Usiimeze kisha ukaghairi chakula. Kwa mzee na mwenye figo dhaifu inaweza kushusha sukari kwa saa nyingi mfululizo, na huyo ana haki ya kumuuliza daktari kama kuna nyingine inayomfaa.

Insulini si hukumu wala dalili kwamba umeshindwa. Kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini mwilini, huchoka kadiri miaka inavyokwenda, ndivyo ugonjwa ulivyo. Badilisha sehemu ya kuchoma kila mara, tumboni, pajani. Ukichoma palepale ngozi hufanya uvimbe na insulini hunyonywa vibaya. Ya akiba ikae kwenye jokofu, nyuzijoto 2 hadi 8, isigande, iliyoganda tupa. Usiye na jokofu usikate tamaa. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotokana na joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya, ukaonyesha kwamba insulini ilibaki na nguvu yake kwa wiki nne kwenye joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Iweke ndani ya kopo lililofungwa lisiingie maji, kopo uliweke ndani ya mtungi wa udongo wenye unyevu kivulini, na uandike juu ya kichupa tarehe uliyokifungua.

Kuhusu mlonge, mdalasini, shubiri na dawa za chupa zinazouzwa stendi: ukitaka kutumia, usiache ya hospitali, mwambie daktari, na upime kwa jozi uone. Za chupa zinazoshusha kwa kasi ya ajabu ziogope zaidi. Dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa katika nchi mbalimbali zimechanganywa na glibenklamidi kwa siri.

Sukari ikishuka

Dalili: kutetemeka, jasho baridi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, hasira isiyo na sababu, maneno kuchanganyika. Watu wa nyumbani wazijue, kwa sababu mwenyewe anaweza kukataa kwamba anaumwa.

Chukua vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari, koroga kwenye nusu glasi ya maji, anywe. Au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Chokoleti na maandazi vinachelewa kwa sababu ya mafuta. Subiri dakika 15, pima tena. Kama bado iko chini ya 3.9, rudia. Ikipanda, ale chakula kidogo cha kumshikilia, mfano kipande cha mkate na maziwa. Andika daftarini saa na sababu, na ikitokea zaidi ya mara moja kwa wiki nenda kliniki kabla ya siku yako.

Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote. Mlaze kwa ubavu, tafuta usafiri, wahini hospitali, na waambieni mlangoni kabisa kwamba ana kisukari.

Siku za homa na sukari ikipanda sana

Homa hupandisha sukari hata kama huli. Usiache insulini eti kwa sababu hujala. Pima kila baada ya saa nne, kunywa maji mengi, wasiliana na kliniki kuhusu kipimo. Metformini, kama unatapika au unaharisha na maji yamepungua mwilini, uliza kama uisimamishe kwa muda. Sukari ikikaa juu ya 16.7 huku unatapika, unapumua kwa kasi na kwa kina, mdomo unatoa harufu kama ya matunda yaliyoiva sana, au unasinzia ovyo, usisubiri asubuhi.

Ramadhani

Anayetaka kufunga amwone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi, kwa sababu muda na kipimo cha dawa hubadilika: kipimo kikubwa cha asubuhi mara nyingi huhamia wakati wa futari. Kujichoma kidole kupima hakufunguzi saumu, hivyo ndivyo wanavyosema wanazuoni wengi. Pima mchana, na hasa alasiri. Ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.7, fungua, hata kama imebaki nusu saa. Aya ya 185 ya Suratul Baqarah imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine, na mtu hana haja ya kuona aibu mbele ya jirani kwa ruhusa aliyopewa na Mola wake.

Futuru kwa tende moja au mbili na maji, sali, kisha ule. Kaimati, tambi, uji wa sukari na sharubati vikiwa vyote mezani, chagua kimoja. Daku isogezwe karibu na alfajiri, isirukwe.

Miguu, kila usiku

Hapa naomba usipitie haraka. Mguu uliokufa ganzi hauna mlinzi. Mtu hukanyaga msumari asubuhi na kuukuta jioni anapovua kiatu. Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha taarifa kuhusu wagonjwa wa kisukari nchini Tanzania waliotafunwa miguu na panya wakiwa usingizini, wasihisi kitu mpaka wanaamka na kuona damu. Mwenye ganzi alale miguu imefunikwa, soksi safi, chandarua kimechomekwa chini ya godoro, na mabaki ya chakula yasikae chumbani.

Pima ganzi nyumbani hivi. Mgonjwa afumbe macho. Mwenzake amguse kwa wepesi, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kupapasa, kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Ni miguso sita. Asipohisi miwili au zaidi, hisia zimepungua, na kliniki inatakiwa kujua.

Kila usiku kaa penye mwanga. Tazama juu, chini na katikati ya vidole. Nyayo usizoziona, weka kioo sakafuni au mwite mjukuu mwenye macho makali. Unatafuta mkwaruzo, lengelenge, wekundu, weusi, uvimbe, mahali penye joto kuliko penzake, ufa wa kisigino, au unyevu mweupe katikati ya vidole. Osha kwa maji ya vuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko, si kwa mguu. Usiloweke. Kausha mpaka katikati ya vidole. Paka mafuta visigino na juu, usipake katikati ya vidole. Kucha zikatwe moja kwa moja, pembe zisichimbwe. Sugu usiikate kwa wembe. Mama wa jirani yetu alianza na wembe na akaishia kwenye chumba cha upasuaji.

Usitembee peku, hata ndani, hata kwenda msikitini: beba soksi nzito. Kandambili ni afadhali kuliko peku, ila kamba yake husugua katikati ya vidole; sandali yenye mkanda nyuma ni bora. Kiatu kinunuliwe jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na kabla ya kukivaa ingiza mkono ndani uone kama kuna kijiwe. Miguu isioteshwe moto wa mkaa wakati wa baridi.

Ukikuta kidonda, hata kidogo kama punje ya mtama: osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa bandeji safi, nenda kituoni siku hiyohiyo au kesho yake. Usipake majivu, dawa ya meno wala mafuta ya breki. Na mguu huo usiukanyagie. Kwa kuwa hakiumi, mtu huendelea kutembea, na kila hatua inakisaga upya; dawa nzuri kuliko zote haziponyi kidonda kinachokanyagwa.

Macho, figo, presha

Mara moja kwa mwaka macho yapimwe kwa matone ya kupanua mboni, hata kama unasoma gazeti vizuri. Mionzi ya leza inaweza kuzuia uharibifu usiendelee. Kilichokwisha kupotea kwa kawaida hakirudi. Na usinunue miwani wakati sukari inayumba, maana lenzi ya jicho hubadilika nayo. Subiri wiki kadhaa itulie.

Mara moja kwa mwaka pia pima albumini, yaani protini inayovuja, kwenye mkojo na kreatinini, taka ambayo figo huichuja, kwenye damu. Albumini huonekana mapema, wakati figo bado inaokolewa, na zipo dawa za presha kama enalaprili na losartani zinazoilinda. Diklofenaki za kununua dukani kila kiuno kinapouma zinaiumiza figo ileile unayoipigania. Presha ilengwe chini ya 130/80 kama daktari hajakupa lengo jingine, kwa sababu presha na sukari vikiwa pamoja huharibu mishipa kwa kasi zaidi. Sigara iachwe. Fizi zinazotoka damu zitibiwe. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe kifua kikuu, kwani kisukari huongeza hatari yake mara mbili hadi tatu.

Siku ya kliniki

Kula kama unavyokula siku zote wiki ile. Usimdanganye daktari kwa njaa ya siku tatu. Beba daftari, vidonge vyote ndani ya mfuko pamoja na vya kienyeji, na mashine yako ili ilinganishwe na yao. Andika maswali mawili au matatu, kwa sababu foleni ni ndefu na muda ndani ya chumba ni mfupi. Uliza HbA1c ya mwisho ilikuwa ngapi na inayofuata ni lini: kila miezi mitatu kama namba haijatulia, miezi sita kama imetulia. Daftari la mama liko la sita sasa, na kipimo chake cha mwisho kilisoma 7.3, ganzi ya vidole ipo, ila usiku halalamiki tena nyayo kuwaka.

Na ukishaingia chumbani, kabla hujaulizwa chochote, vua viatu na soksi.